Nyundo iliyochelewa kulia: kisa cha video ya kalafati na safari yake hadi WebM

Kisa hiki kinahusu video moja ya dakika 12 iliyorekodiwa ufukweni, katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Majina ya watu, ya mji na ya mashua yenyewe yameondolewa. Wahusika nawataja kwa kazi zao tu. Mimi niliitwa katikati, mambo yalipokuwa yameshakwama. Kwa hiyo nusu ya kwanza naisimulia kama nilivyosimuliwa na wenyewe, na nusu ya pili kama nilivyoiona.

## Usuli

Watu watatu wanaojitolea kuandika Wikipedia ya Kiswahili walikuwa na makala kuhusu kalafati, yaani kazi ya kuziba mianya baina ya mbao za chombo kwa pamba iliyotiwa mafuta. Makala ilikuwa ndefu na ilikuwa na picha mbili, lakini msomaji asiyewahi kukaa pwani asingejua fundi anafanya nini hasa. Kalafati ni kazi ya mkono na ya sikio. Fundi husokota pamba, huipachika kwenye mwanya, huigongomea kwa patasi butu na nyundo, na kwa mlio hujua kwamba imeshakaa. Mlio hauandikiki. Wakaelewana na fundi mmoja mzee, aliyekuwa akimalizia mashua kabla ya kuipaka deheni (mchanganyiko wa mafuta na chokaa wa kukinga mbao), kwamba wamrekodi.

Mzee alielezwa, mwanawe akiwapo, kwamba video itawekwa mtandaoni chini ya leseni ya Creative Commons, kwamba mtu yeyote ataweza kuitumia, hata kwa biashara, mradi ataje ilikotoka. Maelezo hayo yalichukua muda kuliko kurekodi kwenyewe. Ni hatua pekee iliyokwenda sawa tangu siku ya kwanza.

Video za Wikipedia hazikai kwenye Wikipedia. Hukaa Wikimedia Commons, ghala la pamoja lililofunguliwa 2004, na ghala hilo halipokei MP4 kama inavyotoka kwenye simu. Sababu si ubora wa picha. Ndani ya MP4 nyingi mna H.264, kodeki (namna ya kubana picha za video) iliyopitishwa 2003 na kufunikwa na hataza, yaani haki za uvumbuzi, za kampuni nyingi. Atengenezaye programu ya kuiandika au kuifungua anaweza kudaiwa mrabaha, yaani malipo ya kutumia uvumbuzi huo. Mwaka 2014 Wikimedia Foundation iliwauliza wachangiaji wake kama MP4 iruhusiwe, wakakataa. WebM, aina ya faili la video ambayo Commons huipokea, ilizaliwa kwa njia nyingine. Google iliinunua kampuni ya On2 Technologies mapema 2010, na Mei mwaka huohuo ikaiachia kodeki yake ya VP8 itumike bila mrabaha. VP9 ikafuata 2013. AV1, iliyotengenezwa na muungano wa kampuni uitwao Alliance for Open Media, ikatoka 2018.

Jambo moja lieleweke kabla hatujaendelea, maana ndilo lililowapotosha wenzetu siku ya pili. Faili la video ni chombo na shehena. MP4, MOV na WebM ni majina ya chombo. H.264, HEVC, VP9 na AV1 ni namna shehena ya picha ilivyofungwa ndani yake, na sauti nayo ina namna zake: AAC kwenye simu, Vorbis au Opus kwenye WebM. Kiswahili kimetupa bahati ya neno moja, chombo, kwa jahazi na kwa kitu cha kutilia vitu, wala sikulitafuta. Ukifuta jina ubavuni mwa jahazi na kuandika jingine, mzigo ulio ndani haujabadilika.

## Kilichotokea

Mpiga video alirekodi kwa simu, mlalo, pikseli 1920 kwa 1080. Simu ilikuwa ikiandika megabiti 17 hivi kwa sekunde, kwa hiyo dakika 12 zilizaa faili la gigabaiti 1.5. Jioni ile mhariri, aliyekuwa mji mwingine, akaomba atumiwe. Akatumiwa kwa WhatsApp, kama watu wanavyotumiana video za harusi. Video ikafika upesi, ikiwa na megabaiti 64.

Hapo kazi ilikuwa imeshaharibika, ila hakuna aliyejua. WhatsApp hubana video kwa makusudi ili isafiri kwa bando dogo, na kwa video ya harusi hilo ni jambo jema. Laiti ingetumwa kama hati, faili lingekwenda lilivyo; tangu 2022 hati za hadi gigabaiti 2 hupita. Mhariri aliitazama kwenye simu yake, akamwona mzee, akaiona nyundo, akaiona mashua. Akaridhika.

Alipojaribu kuipakia Commons, ikakataliwa kwa sababu ni MP4. Akabadilisha herufi za mwisho za jina la faili ziwe .webm. Ikakataliwa tena, safari hii kwa ujumbe kwamba jina na kilichomo havilingani, kwa kuwa mfumo hauamini jina, hupekua ndani. (Nimekutana na watu wengi waliofanya hivi, na nusu yao hawapendi kukiri.)

Akatafuta mtandaoni tovuti ya bure ya kugeuza video. Aliyoipata haikutaka kujisajili, na ilipokea mafaili yasiyozidi megabaiti 100. Faili lake lilikuwa na 64, basi likaingia bila kipingamizi. Hapa pana mzaha mchungu: lau angekuwa na faili la asili, tovuti ingemkataa, naye angesimama na kuuliza. Ukomo ule ungemwokoa. Baada ya dakika chache akashusha WebM yenye VP8 na Vorbis, akaipakia Commons, ikapokelewa. Video ikaingia kwenye makala. Mpiga video akaambiwa kazi imekwisha, anaweza kufuta simu yake iliyokuwa imejaa.

Hakufuta mara moja. Kwanza alikwenda ufukweni kumwonyesha mzee.

Mzee aliitazama yote, dakika 12, bila kusema neno. Ilipofika mwisho akasema kwamba nyundo yake haichelewi hivyo. Akairudisha mwenyewe kwa kidole, akamwonyesha kijana: mkono umeshashuka, umeshainuka, ndipo mlio unakuja. Kwa kuwa hugonga harakaharaka, mlio wa pigo la kwanza ulikuwa ukiangukia pigo la pili. Halafu akauliza pamba iko wapi. Kweli, pamba ilikuwa haionekani; palipokuwa na nyuzi palikuwa na ukungu mweupe.

Hapo ndipo nilipopigiwa simu.

## Kwa nini mlio ulichelewa

Sehemu hii naikalia kidogo, kwa sababu tatizo hili huwakuta wengi na aghalabu hulaumiwa mtandao.

Simu nyingi hazirekodi fremu kwa mwendo mmoja. Mwanga ukipungua au simu ikipata joto, fremu huchelewa kidogo, na kila fremu hubeba saa yake ndani ya faili. Wastani wa video hii ulikuwa fremu 29.97 kwa sekunde. Kigeuzi cha ile tovuti kilipuuza saa za fremu, kikazipanga upya 30 kwa kila sekunde. Tofauti ya 29.97 na 30 ni sehemu moja kwa elfu, kitu ambacho jicho halikioni. Lakini dakika 12 ni sekunde 720, na elfu moja ya 720 ni 0.72. Picha ikaanza kuitangulia sauti kidogokidogo, na mwishoni ikawa mbele kwa karibu robo tatu ya sekunde. Sauti hewani husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo mtazamaji wa dakika ya mwisho alikuwa kama mtu aliyesimama mita 245 kutoka kwa fundi, ng'ambo ya kijito, akiona pigo na kungoja mlio.

Katika video ya mtu anayehutubia, kosa hili lingeonekana midomoni, na huenda lingevumilika. Katika video iliyorekodiwa kwa ajili ya mlio wa nyundo, lilikuwa limeua sababu ya kurekodi.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutorekebisha faili lililokuwapo. Mhariri alipendekeza tuiwahishe sauti kwa sekunde 0.72. Tungefanya hivyo, mwisho ungekaa sawa lakini mwanzo ungeharibika, kwa sababu pengo lilikuwa likikua. Tena ukungu wa pamba usingeondoka: kilichotupwa na mbano hakirudi kwa kugeuza fomati. Tukaomba faili la asili. Lilikuwa bado kwenye simu, kwa bahati tu. Likahamishwa kwa waya hadi kwenye laptopu, kisha nakala kwenye flashi.

Uamuzi wa pili ulikuwa mahali pa kugeuzia, na hapa tulibishana. Njia zilikuwa tatu. Tovuti ya kulipia, ambayo ingepokea gigabaiti 1.5. Zana ya video2commons, inayoendeshwa kwa ajili ya wachangiaji wa Wikimedia: unaingia kwa akaunti yako, unaipa faili au kiungo, seva inageuza kuwa WebM na kuipakia Commons moja kwa moja. Au laptopu yenyewe, kwa FFmpeg au HandBrake, programu mbili za bure.

Tukapiga hesabu. Mtandao wa pale ulikuwa ukipandisha megabiti 2 kwa sekunde siku njema. Gigabaiti 1.5 kwa mwendo huo ni saa moja na dakika 40, na mtandao haukuwahi kusimama saa moja na dakika 40 bila kukatika. Kupeleka faili zima kwenye seva ya mbali ili likapunguzwe huko ni kusafirisha gogo na magome yake likachongwe ng'ambo, ilhali tezo unayo nyumbani. Kwa video ndefu tukachagua laptopu. Kwa kipande kifupi cha dakika 3, kilichomwonyesha fundi akisokota pamba, tukachagua video2commons, kwa sababu megabaiti 382 zingepanda kwa dakika 25 na mmoja wetu alikuwa na jamaa mwenye mtandao wa waya.

Uamuzi wa tatu ulitokana na redio. Kwenye dakika ya nane, kibanda cha jirani kilikuwa kimefungulia redio, na wimbo ulisikika waziwazi kwa sekunde 42. Wengine walisema si kitu, ni mazingira. Lakini wimbo una mwenyewe. Leseni tuliyotangaza iliruhusu kila mtu kuitumia video yote hata kibiashara, nasi hatukuwa na haki ya kuutoa wimbo wa mtu kwa masharti hayo. WebM kutokuwa na mrabaha kunahusu hataza za kodeki. Hakusemi lolote kuhusu hakimiliki ya kilicho ndani. Tukanyamazisha sekunde zile 42.

Amri ya FFmpeg iliyotumika mwishoni ilikuwa hii, kwa mipito miwili, wa kwanza wa kuichunguza video na wa pili wa kuiandika:

ffmpeg -i asili.mp4 -c:v libvpx-vp9 -crf 31 -b:v 0 -row-mt 1 -pass 1 -an -f null /dev/null

ffmpeg -i asili.mp4 -c:v libvpx-vp9 -crf 31 -b:v 0 -row-mt 1 -cpu-used 2 -pass 2 -c:a libopus -b:a 96k -af "volume=enable='between(t,480,522)':volume=0" kalafati.webm

Kwenye Windows, /dev/null huandikwa NUL. Namba ya crf ndiyo inayoamua ubora: ikishuka, picha inakuwa safi na faili kubwa. Kwa video yenye kimo cha pikseli 1080, 31 ni mahali pazuri pa kuanzia. Hatukutaja idadi ya fremu popote, na hilo ni la makusudi. Ukiiacha FFmpeg ifuate saa za fremu zenyewe, WebM inaweza kuzibeba zilivyo, na sauti haiachani na picha.

AV1 ingetoa faili dogo zaidi. Kwa laptopu ya zamani hatukuijaribu hata kidogo.

## Usiku wa laptopu

Mara ya kwanza tulizisahau row-mt na cpu-used, mipangilio ya kuharakisha kazi. Mpito wa pili ukaenda fremu 2 kwa sekunde. Video ilikuwa na fremu 21,578, maana yake saa tatu kasoro kidogo. Katika saa ya tatu umeme ukakatika. Betri ya laptopu ilikuwa imekufa zamani. Mashine huishi kwa waya tu.

Faraja ilikuwa moja: mpito wa kwanza huandika matokeo yake kwenye faili dogo la kumbukumbu, nalo lilikuwa salama. Asubuhi tukaanzia mpito wa pili, safari hii na mipangilio ya haraka, ikaenda fremu 6 kwa sekunde, ikamaliza kwa saa moja. Tofauti ya picha baina ya mwendo wa polepole na wa haraka hatukuiona, na tuliitafuta.

## Matokeo

Gigabaiti 1.5 zikawa megabaiti 231. Kupakia kukachukua robo saa. Commons huruhusu kuweka toleo jipya juu ya la zamani, kwa hiyo makala haikuhitaji kuguswa. Kiungo kilekile kikaanza kuonyesha video nzuri. Ghala hilo pia hujitengenezea lenyewe matoleo madogo ya kila video, hadi ya kimo cha pikseli 240, kwa ajili ya wenye mtandao hafifu. Mhariri alikuwa akidhani kwamba ni wajibu wake kuibana video mapema ili wasomaji wasiteseke. Haikuwa lazima.

Kipande kifupi kilipita kwa video2commons bila tukio, na laptopu haikuguswa.

Tatizo lililobaki lilitoka kwa wajukuu wa fundi. Walitaka video ya babu yao kwenye simu. Walitumiwa ile WebM, na simu mbili kati ya tatu hazikuifungua. Simu nyingi huifungua WebM ndani ya kivinjari, lakini programu ya picha ya simu huenda isiitambue, na iPhone za zamani zilikuwa na shida nayo zaidi. Tukawatengenezea MP4 kutoka faili la asili. Mwenzetu mmoja aliliona hilo kama usaliti. Mimi sikuona usaliti wowote. Tulichokuwa tumekubaliana ni kwamba nakala ya ghala iwe huru. Babu kuonekana kwenye simu za wajukuu zake ni jambo jingine.

## Uchambuzi

Kosa kubwa halikuwa ile tovuti. Lilikuwa kuchukulia ugeuzaji kama hatua ya mwisho, kitu cha kumalizia baada ya kazi yenyewe. Ilipofika kwenye tovuti, video ilikuwa imeshabanwa mara mbili, mara moja na simu na mara ya pili safarini, na tovuti ikaibana mara ya tatu. Kila mbano hutupa kitu. Aliyeweza kuligundua ni mtu aliyeliona faili la asili na la mwisho kwa pamoja, na kikundi hakikuwa na mtu huyo: mpiga video alikuwa na la asili, mhariri alikuwa na lililobanwa, kila mmoja akiamini wana kitu kimoja. Kulinganisha ukubwa tu, 1.5 dhidi ya 0.064, kungetosha kuwashtua.

Ukaguzi nao ulikuwa wa kijuujuu. Mhariri alitazama sekunde 30 za mwanzo, mahali ambapo pengo la sauti lilikuwa dogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Kosa linalokua kwa muda hulikuti mwanzoni. Siku hizi wanakagua dakika ya mwisho kwanza.

Kuhusu kugeuza mtandaoni, sikubaliani na wanaosema ni kazi ya wavivu. Kwa kipande kifupi, au kwa video ambayo tayari iko kwenye seva fulani, ni busara kuacha seva zizungumze zenyewe na bando lako lipumzike. Lakini ile tovuti ya bure ilikuwa na jambo moja lililonikera kuliko ubora. Hakuna aliyesoma masharti yake. Uso wa mzee na sauti yake vilipelekwa kwenye seva isiyojulikana iko nchi gani, wala inatunza mafaili kwa muda gani. Yeye alikubali video iwekwe Commons, chini ya leseni aliyofafanuliwa. Kituo cha njiani hakuambiwa. Mtu anaweza kusema mwishowe video ni ya wote, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Nami nasema kulikuwa na sekunde 42 za wimbo wa mtu mwingine, na mazungumzo ya pembeni tuliyokuwa hatujayakagua.

Kilichofaa zaidi hakikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote. Kumpelekea fundi video kabla ya kufuta faili la asili ndiko kulikoiokoa kazi nzima. Watatu wale walikuwa wakikagua kama faili limepokelewa. Yeye alikagua kama nyundo ni yake.

Zile sekunde 42 za ukimya bado zimo, na sababu imeandikwa kwenye ukurasa wa maelezo ya faili. Mhariri alitaka tuzirekodi upya ili mlio usikatike. Mpiga video alikwenda kumwomba mzee, akaambiwa mashua imeshaingia majini.